Harufu Aliyoisikia Mama

Mtoto akichelewa kusema, au akafika umri wa kwenda chuoni na herufi zikamkataa, au akikua akawa mtu wa kujitenga na kuzungumza peke yake, hazipiti siku nyingi katika nyumba zetu za pwani ila baraza hukaa, na baraza hiyo, ijapokuwa imeitishwa kwa jina la kumwonea mtoto huruma, aghalabu hugeuka kuwa mahakama ya kumtafuta mkosa. Atanena mzee mmoja kwamba maji hufuata mkondo, na kwamba upande wa mama walikuwako watu wa namna hiyo tangu enzi ya mababu. Na mzee huyo huyo, kabla kahawa haijapoa, atasema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba laiti mama asingalimdekeza haya yasingalitokea. Methali mbili hizo hazipatani hata kidogo, kwani moja yasema mambo yalikwisha katika damu na nyingine yasema mambo yalikuwa mikononi mwa mlezi. Ila katika jambo moja zinapatana sana: hukumu ya zote mbili humwangukia mwanamke mmoja, ambaye saa hiyo yuko jikoni akiwapikia kahawa mahakimu wake.

Kisa ninachotaka kukitanguliza kilitokea mbali na kwetu, katika mji wa Oslo, Norway, mwaka 1934. Mama mmoja wa huko alikuwa na watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, ambao walipozaliwa hapakuwa na jicho lililowaona na ila yoyote, lakini kadiri miezi ilivyokwenda miili yao ikakua na akili zao zikabaki nyuma, hata binti akawa na maneno ya kuhesabika, na mvulana akawa hana hata moja wala hawezi kwenda kwa miguu yake. Mama yule aliwapeleka kwa matabibu, akawa anataja jambo moja lililomkereketa: watoto wake walikuwa na harufu, harufu nzito ya kitu kilichofungiwa pasi na hewa, nayo haikuondoka. Hakupata wa kumweleza inatoka wapi, wala yeye hakuacha kuuliza. Na kuuliza kwake huko ndiko kulikomfikisha kwa Asbjørn Følling, mtu aliyekusanya elimu mbili, ya utabibu na ya kemia.

Følling aliupima mkojo wa watoto wale kwa njia ya siku zile, ya kuutonea matone ya kloridi ya chuma, ambayo kwa kawaida hubaki na rangi ya hudhurungi, au huingia wekundu wa damu ya mzee ikiwa mtu ana kisukari kilichomzidi. Mkojo ule uligeuka kijani. Akamwambia mama asiwape watoto dawa yoyote kwa muda, ili dawa isije ikamdanganya, kisha akaupima tena, nao ukageuka kijani kama mwanzo. Basi ikawa kazi ya mama kuleta mkojo, chombo baada ya chombo, na kazi ya tabibu kuuchuja na kuupambanua, mpaka alipoipata tindikali isiyoonekana katika mkojo wa mtu mwenye siha. Baadaye alikwenda katika majumba walimotunzwa watu wenye upungufu wa akili, akawapima 430, akawakuta wengine 8 wenye alama ile ile ya kijani. Watu hao waliishi humo kwa miaka wakiitwa kwa jina moja na mamia ya wenzao, ilhali maradhi yao yalikuwa ni mengine kabisa.

Maradhi hayo, ambayo wajuzi waliyaita feniliketonuria, mwendo wake ni huu. Katika kila chakula chenye protini, kuanzia nyama na samaki hata kunde na maziwa, mna kitu kiitwacho fenilalanini, ambacho mwili hukihitaji kwa kiasi, na ziada yake ini huigeuza kwa kimeng'enya maalumu ikawa kitu kingine chenye manufaa. Mtoto aliyerithi jeni mbovu ya kimeng'enya hicho kwa baba, na nyingine mbovu kwa mama, hana cha kuigeuzia ziada hiyo. Hujilimbikiza katika damu, hupanda ubongoni, na ubongo unaokua huuharibu kidogo kidogo. Wazazi wenyewe ni wazima, kwa kuwa kila mmoja ana jeni ya pili iliyo nzima, nayo yamtosha, hivyo hawana dalili ya kuwatahadharisha. Lakini kila mimba yao ina bahati moja katika nne ya kutoa mtoto wa namna hiyo. Huko Ulaya hupatikana takriban mtoto mmoja katika kila 10,000. Kwetu ni nadra zaidi.

Hapa yule mzee wa maji na mkondo angaliomba kikombe cha pili kwa furaha, kwa sababu urithi umethibiti, na tena umethibiti kwa hesabu. Lakini na azingatie kinachomharibu mtoto huyu. Anaharibiwa na maziwa, tena maziwa ya mamaye, kitu ambacho walimwengu wote wamekubaliana kuwa hapana kilicho safi kukishinda. Na kila mama anapomnyonyesha kwa mapenzi zaidi, ndipo anapomzidishia sumu, na hajui.

Waliosoma riwaya za Pearl Buck, Mmarekani aliyekulia Uchina na kupewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 1938, huenda hawajui kwamba miongoni mwa mambo yaliyomhimiza kuandika ni haja ya fedha za kumtunza binti yake, aliyezaliwa mwaka 1920 na ambaye akili yake haikukua. Mwaka 1950 aliandika habari zake katika kitabu kidogo, *The Child Who Never Grew*, katika zama ambazo watu wa hadhi yake waliwaficha watoto kama hao. Na jambo lenye kuhuzunisha zaidi ni kwamba alipokuwa akiandika hakujua bado binti yake anaugua nini. Jina la maradhi, ambalo ni hili hili, alikuja kulijua miaka mingi baadaye, binti akiwa mtu mzima na chakula hakiwezi tena kumrudishia alichopoteza.

Wakati kitabu hicho kingali kipya, katika hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, alikuwako mama mwingine, naye alikuwa na binti wa miaka miwili asiyeweza kusimama wala kumjua amlishaye, aliyeshinda akilia na kujipigapiga kichwa. Mama huyu aliambiwa jina la maradhi, akaambiwa na kwamba hayana dawa, na wala hakukubali: kila asubuhi alikuwa akimngoja Horst Bickel, tabibu kijana kutoka Ujerumani, amuulize ni lini atamtafutia mwanawe dawa. Kwa uchovu wa kuulizwa, kama wasemavyo waliosimulia, au kwa kuona haya, Bickel na wenziwe John Gerrard na Evelyn Hickmans wakaichukua protini ya maziwa, wakaivunjavunja, wakaichuja kwa mkaa mpaka fenilalanini ikabaki katika mkaa, na mchuzi uliosalia wakamlisha mtoto. Katika miezi michache mtoto alitambaa, akasimama, macho yakapata nuru, nywele zikaanza kuwa nyeusi kidogo, na kilio kikakoma. Kisha wakafanya jambo ambalo leo lisingaliruhusiwa, wala mimi silisifu, la kumrudishia fenilalanini kwa siri pasipo mama kujua, ili wahakikishe kwamba nafuu ile haikutokana na kitu kingine. Na mama hakukawia kuona kwamba mwanawe anarudi kule alikotoka. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1953, na tangu hapo hapana aliyeweza kusema kwamba upungufu wa akili uliorithiwa ni hukumu isiyotenguka.

Ilibaki kazi ya kuwahi, kwa sababu ubongo ukikwisha kuharibika haufufuki. Kazi hiyo aliifanya Robert Guthrie, mjuzi wa bakteria wa Buffalo, Marekani, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na upungufu wa akili, na katika jamaa za mkewe alikuwako binti mwenye maradhi haya haya. Alibuni kipimo cha kumchoma mtoto mchanga kisiginoni, kudondosha damu kidogo juu ya karatasi ya kichujio, na kukiweka kipande cha karatasi hiyo penye bakteria ambao hawasitawi ila penye fenilalanini nyingi. Alikitangaza mwaka 1963, na mwaka huo huo jimbo la Massachusetts likatunga sheria ya kuwapima watoto wote. Leo maelfu ya watu waliozaliwa na jeni zile zile mbovu za watoto wa Oslo ni walimu, mafundi, mahakimu na wazazi, na jeni zao hazikubadilika hata chembe.

Sasa nikuulize, ewe msomaji, maradhi haya ni ya urithi au ni ya chakula? Ukisema ni ya urithi umesema kweli yote, maana asiye na jeni zile anywe maziwa pipa zima hatadhurika; na ukisema ni ya chakula umesema kweli yote vile vile, maana asiyekila chakula kile jeni zake hazimdhuru. Anayetaka kugawa, aseme sehemu kadha ni za damu na sehemu kadha ni za malezi, ni kama mtu anayetaka kujua katika mkate wa mofa utamu ulioletwa na unga ni ratili ngapi na ulioletwa na moto ni ratili ngapi.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, maradhi haya yalikuwa na fundisho jingine, ambalo lilitokea pale wasichana waliookolewa na kipimo cha Guthrie walipokua na kuolewa. Wengi walikuwa wamekwisha acha mlo wao mgumu utotoni, kwa kuwa matabibu wa siku zile walidhani ubongo uliokomaa hauna tena la kuhofia. Wakapata mimba, na fenilalanini iliyojaa katika damu yao ikawapitia watoto waliomo tumboni, watoto ambao wengi wao hawakuwa na maradhi yale kabisa. Na uchunguzi uliokusanywa mwaka 1980 ulionyesha kwamba pale ambapo kiwango katika damu ya mama kilikuwa cha juu sana, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walizaliwa na upungufu wa akili. Jeni za mama ndizo zilizokuwa hewa na ardhi ya mtoto! Mwenye kujua hapa nasaba inakomea wapi na malezi yanaanzia wapi na aseme, nami nitamkalia chini anifundishe.

Atakuja msomaji makini aseme kwamba haya ni maradhi ya jeni moja tu, na akili na hulka za watu kwa jumla haziongozwi na jeni moja. Ni kweli, nami sitaki kumkwepa. Tangu mwaka 1875, pale Francis Galton, binamu yake Darwin, alipoandika juu ya mapacha na kushangazwa na jinsi wengine walivyofanana mpaka uzeeni, wajuzi wameendelea kupima mapacha kwa vipimo vilivyo bora kuliko vyake, na natija haikanushiki: pacha wa yai moja hukaribiana zaidi katika akili, katika huzuni na katika wasiwasi kuliko pacha wa mayai mawili, na hukaribiana hata wakilelewa nyumba mbali mbali. Galton mwenyewe alichukua ukweli huo akaujengea fikra ya kuchagua watu wa kuzaa na wa kutozaa kama wachaguavyo ng'ombe, fikra iliyokuja kuwamwagia watu maovu makubwa katika karne iliyofuata. Lakini uovu wa aliyelibeba jambo hauligeuzi jambo kuwa uongo.

Kosa ni katika kulifahamu. Richard Lewontin, mwanasayansi wa Marekani, alitoa mfano mwaka 1970 ambao mkulima yeyote wa kwetu angaliufahamu kabla haujamalizika. Chukua gunia moja la mbegu zilizochanganyika, toa konzi moja uipande katika udongo wenye rutuba, na konzi nyingine uipande katika udongo uliokwisha nguvu. Katika shamba la kwanza udongo ni mmoja, basi shina likilizidi shina jingine ni kwa sababu ya mbegu. Katika shamba la pili pia udongo ni mmoja, na tafauti za humo nazo ni za mbegu. Lakini tafauti ya shamba na shamba, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya udongo mtupu. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba akili hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kisha akatoka kwenda kusema kwamba watoto wa mtaa fulani hawana akili kwa nasaba yao, amechukua hesabu ya ndani ya shamba moja akaitumia kuhukumu mashamba mawili.

Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake waliwaangalia mapacha wa miaka saba wa Marekani, wakaona kwamba katika nyumba za wenye nafasi tafauti za akili zilifuata jeni kwa sehemu kubwa, na katika nyumba za mafukara jeni zilikaribia kutoonekana, kazi yote ikifanywa na hali ya nyumba. Mbegu iliyonyimwa maji haina nafasi ya kuonyesha ilikuwa mbegu gani. Walipotazama wajuzi wa Ulaya na Australia hawakuukuta mwachano huo, na wapo wanaosema kwamba sababu ni kwamba huko fukara hakuachwa peke yake na ufukara wake. Mimi naona maelezo hayo yana uzito.

Yapo pia mambo ambayo sayansi iliyashangilia kisha ikayarudisha. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatwa maisha yao yote, na kutoka kwao ilitangazwa mwaka 2003 kwamba jeni moja hufanya dhiki za maisha zimtie mtu katika sonona upesi zaidi. Habari ikaenea dunia nzima, vitabu vikaandikwa, na mwaka 2019, baada ya kupimwa watu wengi mno, ikaonekana kwamba jeni ile haina kazi iliyodaiwa. Kwa skizofrenia, hesabu ya mwaka 2022 ilitaja mahali 287 katika urithi wa binadamu panapohusika, kila mahali pamoja pakiwa na nguvu kidogo sana. Mwenye kukuuzia kipimo cha mate kitakachokuambia mwanao atakuwa nani, mpe pole yake akauze kwingine.

Mtu mmoja alizishika ncha zote mbili za kamba hii, naye ni Michael Rutter, tabibu wa akili za watoto wa London aliyefariki mwaka 2021. Katika ujana wake ilikuwa imeenea fikra kwamba usonji wa watoto huletwa na mama mwenye moyo wa baridi asiyempenda mwanawe, na Bruno Bettelheim aliitangaza kwa sauti kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mama wangapi waliilala na kuamka nayo tuhuma hiyo hapana ajuaye. Mwaka 1977 Rutter na Susan Folstein waliwapima jozi 21 za mapacha: katika jozi 11 za yai moja, nne zilikuwa na usonji kwa wote wawili, na katika jozi 10 za mayai mawili haikuwako hata moja. Ilikuwa hesabu ndogo, lakini ilitosha kuupasua ule msiba wa lawama. Hapo elimu ya nasaba, ambayo tumezoea kuiona kuwa ndiyo yenye ukali, ndiyo iliyomfuta mama machozi.

Kisha likaja jambo la Romania. Nicolae Ceaușescu alipiga marufuku utoaji wa mimba mwaka 1966, ili taifa liongezeke, na watoto ambao wazazi hawakuweza kuwalisha wakapelekwa katika majumba ya serikali, hata alipoangushwa na kuuawa Desemba 1989 dunia ikawaona watoto zaidi ya 100,000 humo, waliolishwa kwa zamu, wakalazwa kwa zamu, na wasiobebwa na mtu. Waliozuru vyumba vile walisema kilichowatisha ni kimya: mtoto aliyelia siku nyingi asijiwe na mtu, mwisho wake huacha kulia. Rutter aliwafuata watoto 165 wa Romania waliochukuliwa kuwa wana na familia za Uingereza, akawalinganisha na 52 wa huko huko Uingereza waliochukuliwa vivyo hivyo. Waliotoka katika majumba yale kabla ya kutimiza miezi sita walikua sawa na wenzao. Waliokaa zaidi ya miezi sita, wengi wao walibeba mpaka utu uzima matatizo ya kutulia, ya kujua nani ni wako na nani si wako, na wengine walionyesha hali iliyofanana na usonji, ambao yeye mwenyewe alikuwa amekwisha thibitisha kuwa ni wa kurithi. Na bado mmoja katika kila watano wa hao waliokaa sana hakupata tatizo lolote. Dhiki moja, vitanda vilivyopangwa sambamba, na watu wakatoka mbali mbali.

Katika Bucharest kwenyewe Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 kutoka katika majumba sita, wakapiga kura, nusu wakatafutiwa walezi wa nyumbani na nusu wakabaki walipo, kwa sababu nyumba za walezi hazikuwapo ila hizo walizoziandaa wao. Umri wa miezi 54 ulipofika, waliokwenda kwa walezi walikuwa na wastani wa 81 katika kipimo cha akili na waliobaki 73, na waliowahi kuondoka kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Lugha yetu ya sheria tendo hilo la kumchukua mtoto wa mwingine akawa wako imeliita kuasili. Sijui aliyelichagua neno alikusudia nini, lakini lina ujuzi wa ajabu, kwamba malezi yakimpata mtoto mapema humfanyia asili nyingine.

Nasi huku Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika elimu hii. Mary Ainsworth, ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa mapenzi ya mama na mtoto, hakuyaanza mambo yake Marekani. Aliyaanza katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akizuru familia 26 za Waganda na kuangalia jinsi mtoto anavyomwacha mama hatua chache, akageuka kumtazama, kisha akaendelea na safari yake ya kuijua dunia. Aliyachapa mwaka 1967, na nadharia inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia imetoka mikekani mwa mama wale.

Ila kisa chetu kilicho kikubwa zaidi kiko katika madini joto. Mvua za milimani huyaosha madini hayo kutoka katika udongo na kuyapeleka baharini, na sisi wa pwani tulao vibua na papa huyapata bila kujua. Lakini watu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, miaka ya nyuma, walikuwa na rovu shingoni kwa wingi. Rovu ilionekana, watu wakaihofia. Kisichoonekana ni kwamba katika miezi ya mwanzo ya mimba ubongo wa mtoto hutegemea madini hayo kutoka kwa mama, na yakikosekana mtoto huzaliwa na wajihi wake kamili, hana dalili ya ila, ila akili imepungukiwa kwa kiasi ambacho baraza itakiita ujinga wa ukoo. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizoathirika. Miaka mingi baadaye Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero walichunguza watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge wakati wa mimba, na katika maandishi yao ya mwaka 2009 wakaonyesha kwamba watoto hao walisonga mbele shuleni kwa kiasi cha theluthi hadi nusu ya mwaka kuliko wenzao, na wasichana ndio waliopata faida kubwa zaidi. Ukoo ulikuwa ule ule, walimu wale wale, njia ya kwenda shule ile ile ya matope.

Mintarafu maradhi ya akili yenyewe, najua kwamba posa haijibiwi kwetu kabla ya kuuliziwa nyumba ile kama mna mwenye wazimu, wala sitasema kwamba swali hilo halina msingi, kwa kuwa urithi upo. Lakini hata pacha wa yai moja, mwenziwe akiugua skizofrenia, nusu ya mara au zaidi yeye hubaki mzima. Seuze binamu, seuze shangazi wa babu anayetajwa barazani ili mchumba akataliwe! Na wale wanaomfunga mgonjwa wakimngojea mganga wa pepo, na wale wanaosema ni bangi tu, na wale wanaosema ni mama alimpiga sana, wote wanafanya kazi moja, ya kutafuta wa kumshitaki, na siku za kumtibu mgonjwa mapema zinapita.

Mama yule wa Oslo hakuwapatia watoto wake nafuu. Habari za chakula cha Birmingham zilichapishwa miaka 19 baada ya mkojo kugeuka kijani, na kwao wakati ulikuwa umekwisha pita. Waliopona ni watoto wa watu wengine, walioko sasa katika nchi nyingi, kwa sababu mwanamke mmoja alisikia harufu na akakataa kunyamaza. Kwa hiyo nawaomba wauguzi na waganga wetu wa zahanati na vituo vya afya: mama akija na neno dogo, kwamba mtoto hageuki akiitwa, kwamba hatazami usoni anaponyonya, kwamba ana harufu asiyoifahamu, liandikeni katika kadi yake ya kliniki kabla ya kumjibu lolote.